Mgeni Tuliyemfundisha: Vibali vya Kazi na Historia ya Mto Songwe

Mto Songwe hauna tabia ya mpaka. Masika yakizidi hufurika na kuhama njia, ukamega shamba la mtu upande huu na kumwachia mwingine kipande cha ardhi upande wa pili, hata serikali za Tanzania na Malawi zimelazimika kuunda chombo cha pamoja cha kuutuliza. Ndio mto waliouchagua Waingereza na Wajerumani katika mkataba wao wa tarehe 1 Julai 1890, bila kuwauliza Wanyakyusa wa Kyela wala Wangonde wa Karonga, ambao husalimiana asubuhi kwa lugha moja yenye lafudhi mbili.

Naandika kuhusu jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni hali ya kijana wa nchi jirani anayehitimu katika chuo cha Tanzania kisha akataka kufanya kazi papa hapa alikosomea. Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma watanijibu upesi kwamba sheria ipo. Ni kweli ipo. Lakini sheria hiyo ina historia, na katika kuitunga na kuirekebisha kwa miaka mingi tumemsahau mtu wa aina moja. Pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ni mahali pazuri pa kumtafutia mtu huyo, kwa kuwa hapa kusoma upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine ni desturi iliyozitangulia nchi zetu zote mbili.

Tuanzie Livingstonia. Mwaka 1894 Waskoti wa misheni hiyo, chini ya Dk. Robert Laws, walianzisha taasisi yao ya Overtoun huko Khondowe, juu ya mwinuko unaolitazama ziwa. Kwa miaka mingi hapakuwa na shule ya kuifikia katika eneo lote hili. Palifundishwa ualimu, uchungaji, ukarani, uchapaji, useremala na ujenzi, na Nyasaland yenyewe haikuwa na kazi za kuwatosha waliohitimu. Wakatawanyika. Wengine walielekea kusini, kwenye migodi na miji ya Rhodesia na Afrika Kusini. Clements Kadalie, aliyeanzisha chama kikubwa cha wafanyakazi cha ICU huko Cape Town mwaka 1919, alikuwa mwalimu aliyetoka mikononi mwa Livingstonia. Wengine walivuka Songwe kuja kaskazini.

Vita vya kwanza vya dunia viliupanua mlango huo. Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian wa Rungwe na Ipyana pamoja na wale wa Berlin waliokuwa Matema na kwingineko, waliondolewa na majeshi ya Uingereza, na Livingstonia ikatwishwa ulezi wa vituo vyao hadi katikati ya miaka ya 1920. Pamoja na Waskoti walikuja wachungaji na walimu Waafrika kutoka Nyasaland. Serikali mpya ya Mwingereza nayo ilihitaji makarani waliojua Kiingereza mara moja, bila kungoja, na wengi wa wale iliowakuta tayari katika eneo la kusini magharibi walikuwa matunda ya shule za Nyasaland. Nisieleweke vibaya. Mkoloni hakuwa mkarimu. Alikuwa na bendera yake pande zote mbili za mto, na karani wa bei nafuu alimfaa popote alipozaliwa. Hata hivyo, pasipo kukusudia, utawala ule uliacha njia wazi kwa vijana wawili watatu ambao historia ya Afrika Mashariki na Kati haiwezi kuandikwa bila wao.

Wawili walikuwa ndugu wa damu kutoka wilaya ya Karonga, Yatuta na Dunduzu Chisiza. Yatuta aliingia polisi ya Tanganyika na kupanda hadi cheo cha inspekta kabla ya kurudi kwao kuungana na Dk. Hastings Banda. Dunduzu, baada ya masomo ya Livingstonia, alipitia ukarani Tanganyika, akaenda kusoma Uganda katika Aggrey Memorial College, kisha akafanya kazi Salisbury, ambako serikali ya Rhodesia ya Kusini ilimfukuza mwaka 1956 kwa sababu ya siasa. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 32, baada ya kujijengea sifa ya kuwa mmoja wa wanafikra wakali kabisa wa uchumi na siasa katika kizazi chake. Karonga, Dar es Salaam, Kampala, Salisbury: ukiifuata njia ya kijana huyu kwenye ramani utaona kwamba kila hatua ya elimu ilimpa kazi, na kila kazi ikamfikisha kwenye elimu nyingine.

Wa tatu ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo. Kanyama Chiume alizaliwa Usisya, kwenye pwani ya Nkhata Bay, mwaka 1929. Angali mtoto alichukuliwa na mjomba wake na kuletwa Tanganyika, na ni huku alikosomea: shule ya msingi, kisha Dar es Salaam, kisha Tabora, na hatimaye Makerere. Alipomaliza Makerere alirudi Tanganyika na kufundisha katika shule ya sekondari ya Alliance, Dodoma, ile iliyokuja kuitwa Mazengo. Kwa lugha ya leo, mwalimu Chiume alikuwa raia wa kigeni aliyehitimu katika mfumo wetu wa elimu na kuajiriwa katika nchi iliyomlea kielimu. Hakuna aliyeona ajabu. Wanafunzi wake walipata mwalimu aliyejua Kiswahili chao.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Chiume alirudi Nyasaland, akawa miongoni mwa vijana waliomwita Banda kutoka ughaibuni, na katika serikali ya mwaka 1961 akapewa wizara iliyobeba elimu. Wazia jambo hilo: waziri wa elimu wa nchi ile alikuwa mtoto wa shule za nchi hii. Malawi ikapata uhuru tarehe 6 Julai 1964, na miezi miwili tu baadaye Banda akamfukuza yeye na mawaziri wenzake katika ule mgogoro wa baraza la mawaziri. Wengi wao walikimbilia Tanzania. Yatuta Chisiza aliingia msituni akiwa na kikosi kidogo na kuuawa mwaka 1967. Chiume alikaa uhamishoni hapa kwa takriban miaka 30, hadi utawala wa Banda ulipoanguka mwaka 1994. Akafanya kazi ya uandishi wa habari, na akaandika vitabu vya Kiswahili, vikiwemo Dunia Ngumu na Mbutolwe Mwana wa Umma, ambavyo vijana wa Tanzania wa miaka ya sabini walivisoma, pengine bila kujua kwamba mwandishi wake si mzaliwa wa nchi hii. Gharama ya kumsomesha mtoto yule wa Usisya ilirudi mara mbili, kwanza katika darasa la Dodoma, kisha katika fasihi ya Kiswahili.

Sasa tutazame mlango ulivyofungwa, kwa maana haukufungwa kwa chuki, na anayedhani hivyo hajaisoma vizuri miaka ya sitini. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 swali kubwa la ajira lilikuwa juu ya Wazungu na Waasia waliokalia nafasi za juu. Kulikuwa na shinikizo la kuweka Waafrika mahali pao, na Mwalimu Nyerere, kwa ujasiri ambao ulimletea lawama, alitangaza Januari 1964 kwamba kigezo kitakuwa uraia na si rangi. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini mstari uliohamishwa kutoka kwenye rangi kwenda kwenye uraia ulimwacha upande wa nje mtu ambaye hapo kwanza alikuwa ndani bila kuulizwa, yaani Mwafrika wa nchi jirani. Karani kutoka Karonga, ambaye jana alikuwa Mwafrika mwenzetu, leo akawa mgeni.

Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa 1964 hadi 1969, ukaweka lengo mashuhuri: ifikapo 1980 Tanzania ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi ya juu. Kila daktari, mhandisi na mwalimu wa sekondari akahesabiwa. Katika hesabu hiyo mgeni alikuwa kiraka. Anawekwa palipotoboka, anakaa hadi raia wa kuziba tundu apatikane, kisha anaondoka. Kwa wakati wake fikra hiyo ilikuwa na mantiki, kwa sababu karibu wageni wote waliohusika walikuwa wataalamu waliokamilika, walioletwa kutoka Ulaya, Asia na Amerika wakiwa tayari na shahada na uzoefu.

Wakati huohuo tulikuwa na chuo kikuu kimoja cha nchi tatu. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa Juni 1963 huku Nyerere akiwa mkuu wake, kiliunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam hadi kilipovunjwa mwaka 1970. Mwanafunzi alikwenda kusomea fani yake ilipo. Yoweri Museveni alihitimu Dar es Salaam mwaka huohuo wa 1970, na baada ya Amin kupindua serikali ya Uganda Januari 1971 alirudi Tanzania, akapata riziki kwa kufundisha katika Chuo cha Ushirika Moshi. Chuo hicho cha pamoja kilipovunjika, kila nchi ilibaki na chuo chake na hesabu yake ya wataalamu. Sheria ya uhamiaji ya 1972, kisha ile ya 1995 tunayoitumia hadi leo pamoja na marekebisho yake, ziliandikwa ndani ya hesabu hizo.

Tufike kwenye vifungu, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawajapata kuvisoma. Chini ya Sheria ya Uhamiaji, mwanafunzi wa kigeni huishi nchini kwa kibali cha ukaazi daraja C, daraja lilelile la watafiti na watu wa shughuli za dini. Kibali hicho kimefungwa kwenye masomo. Masomo yakiisha, msingi wake umekwisha. Akitaka kufanya kazi anahitaji vitu viwili kutoka ofisi mbili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na kibali kipya cha ukaazi, daraja B, kutoka Uhamiaji. Mwombaji wa kibali cha kazi si yeye bali mwajiri. Mwajiri atapaswa kumridhisha Kamishna kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye sifa na hakumpata, na atapaswa kuwa na mpango wa kurithisha ujuzi wa mgeni kwa raia. Kibali kikitoka kitakuwa cha kazi hiyo na mwajiri huyo tu.

Soma masharti hayo ukiwa na mhandisi wa miaka 45 kichwani, mwenye kampuni ya kigeni nyuma yake na wakili mezani. Yanaeleweka. Sasa yasome ukiwa na kijana wa miaka 23 aliyevua joho wiki iliyopita. Ujuzi gain atakaourithisha, naye bado anajifunza kazi? Mwajiri gani mdogo atakayebeba ada na makaratasi kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuajiriwa? Sheria yetu inamjua mtaalamu mgeni, inamjua mwekezaji mgeni, na kwa heshima kubwa inamjua hata mkimbizi, aliyetengewa daraja lake la kibali. Mhitimu mgeni haimjui. Hajakatazwa, hakufikiriwa.

Nilimfundisha binti mmoja wa Karonga aliyesomea ualimu wa hisabati. Wakati wa mazoezi ya kufundisha aliwekwa katika shule moja ya binafsi wilayani Kyela, na mkuu wa shule akampenda, kwa maana watoto walimwelewa. Alipoona wamekwama aliwafafanulia kwa Kinyakyusa, kisha akarudi kwenye Kiingereza cha kitabu. Walimu wa hisabati na sayansi ni miongoni mwa wachache ambao sheria ya 2015 imewapa daraja lenye nafuu, kwa hiyo nilidhani mambo yangekwenda. Shule ilipokokotoa gharama na muda, ikasita, na mwisho ikaachana na jambo hilo. “Mwalimu, mimi narudi nyumbani tu,” aliniambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumsumbua mkubwa wake. Nyumbani kwao ni mwendo mfupi kutoka Kasumulu. Nilipokwenda Kyela msimu uliofuata darasa lile lilikuwa linangojea mwalimu, na mashambani, kando ya barabara ileile, vibarua waliovuka mto walikuwa wakipandikiza mpunga kama wanavyofanya kila mwaka, bila ya mtu yeyote kuwauliza mpango wao wa kurithisha ujuzi.

Nataja vibarua hao si ili wafukuzwe. Nawataja kwa sababu utaratibu wetu wa sasa, kwa vitendo, unamruhusu jirani avuke na jembe na kumzuia asivuke na shahada.

Wapo watakaosema suluhisho liko katika jumuiya zetu. Kwa sehemu, ndiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa Tanzania iliingia kwa orodha ya taaluma zilizotajwa, si kwa mlango wazi. Lakini Malawi haimo katika jumuiya hiyo. Iko pamoja nasi katika SADC, na humo kuna jambo la kuchekesha kama si la kusikitisha. Mwaka 1997, tena Blantyre, Malawi, nchi za SADC zilitia saini itifaki ya elimu na mafunzo. Ziliahidi kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo vyao kwa wanafunzi wa nchi wanachama, na kuelekea kuwatoza ada sawa na wenyeji. Itifaki hiyo ilipata nguvu ya kisheria mwaka 2000. Itifaki ya pili, ya kurahisisha watu kuhama, kuishi na kufanya kazi, ilitiwa saini Gaborone mwaka 2005, na mpaka ninapoandika haijaanza kutumika kwa kukosa nchi za kutosha kuiridhia. Kwa hiyo tumekubaliana kumsomesha mtoto wa jirani kama wetu, na hatujakubaliana tumfanye nini siku ya mahafali.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanafunzi wangu wenyewe, nami silipuuzi. Wananiuliza: vijana wetu wenye shahada wanaendesha bodaboda Kyela mjini na kupima kakao kwa wachuuzi, nawe unamtetea Mmalawi? Hasira hiyo ina haki. Ukosefu wa ajira kwa wahitimu ni jeraha bichi, na serikali yoyote itakayoonekana kugawa kazi kwa wageni italipa kisiasa. Agizo la Julai 2025 lililowazuia wageni kufanya biashara 15 ndogondogo lilipokelewa kwa shangwe kwa sababu hiyohiyo. Lakini tuangalie hoja inavyokaa. Aliyetuacha bila ajira si mhitimu mmoja wa Karonga. Ni uchumi unaozalisha wahitimu kuliko nafasi, na bajeti inayoacha madarasa bila walimu huku walimu wakiwa mitaani. Ukimwondoa yule binti, nafasi yake haikuchukuliwa na Mtanzania. Ilibaki tupu.

Na Watanzania nao ni wahitimu wageni kwingineko. Uingereza ilipofunga mwaka 2012 njia yake ya kufanya kazi baada ya masomo, na kuifungua upya Julai 2021 kwa miaka miwili, vijana wetu waliokuwa huko walihisi tofauti hiyo mifukoni mwao. Kanada hutoa hadi miaka mitatu, kulingana na urefu wa masomo. Marekani huruhusu miezi 12 ya mafunzo kazini katika fani aliyosomea mtu. Nchi hizo hazifanyi hivyo kwa huruma. Zimeona kwamba mtu uliyemfundisha kwa miaka mitatu au minne, anayejua lugha yako na desturi zako, ni wa thamani kuliko yule utakayemwagiza kesho kwa gharama kubwa. Sisi, ambao mwanafunzi wetu wa Karonga huja akiwa tayari anaijua lugha ya wenyeji wa Kyela na anaondoka akijua Kiswahili, tunampa mkono wa kwaheri.

Ninachopendekeza si kikubwa, wala hakihitaji kusubiri Gaborone. Waziri mwenye dhamana ya kazi ana mamlaka ya kutunga kanuni. Mhitimu wa nchi ya SADC au Afrika Mashariki, aliyemaliza katika chuo kinachotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, apewe kibali cha miezi 12 kwa jina lake mwenyewe, katika fani aliyosomea, kisichohitaji mpango wa kurithisha, na kwa ada anayoweza kuilipa mtu ambaye bado hajapokea mshahara. Baada ya hapo mwajiri atakayemtaka aendelee aingie katika utaratibu wa kawaida kama wengine. Na Malawi iombwe iwape wahitimu wetu wa Mzuzu na kwingineko muda uleule, maana jambo la namna hii halisimami kwa mguu mmoja. Maofisa wawili wa uhamiaji na wawili wa kazi wanaweza kuuandika utaratibu huo kwa wiki moja.

Tarehe ya kuanza ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Katika vyuo vyetu vingi mahafali hufanyika Novemba au Desemba, na shule hufunguliwa Januari. Kibali cha mwanafunzi huwa kimekwisha katikati. Kibali kipya kikihesabiwa tangu siku kile cha daraja C kinapoisha, mwalimu wa hisabati anaweza kuwa darasani wiki ya kwanza ya muhula. Kikihesabiwa tangu siku cheti kinapotolewa, atakuwa ameshavuka Kasumulu na mizigo yake.